Muulize Tantine Dosye: Lupango, Komisionere na Kibali cha Masomo

Wasomaji wa Kisangani, tangu matokeo ya mtihani wa taifa, Exetat, yatangazwe, barua zimenijaa mezani hadi sina pa kuweka sahani. Wa Mangobo anataka Kanada, wa Kabondo anataka Ubelgiji, wa Makiso anataka "popote, mradi kuna theluji". Nimechagua chache zinazofanana na nyingine nyingi, ili asiyejibiwa kwa jina ajikute humo. Nawakumbusha: Tantine hana mjomba ambasadi, hauzi mihuri, wala hapokei pesa kwa simu. Anatoa maneno tu, na mengine ni machungu.

*

*Tantine, nimempata komisionere wa viza wa kweli. Nimempa dola 800 na pasipoti yangu. Ameniahidi kibali cha masomo cha Kanada "asilimia mia", kwa kuwa ana ndugu yake ndani. Amenionyesha hata barua ya chuo yenye jina langu, ingawa mimi sikuwahi kuomba nafasi chuoni humo. Amesema nisimwambie mtu, nifunge na kusali. Nimeshaanza kuaga. Je, niuze kitanda?*
*— Niko Mlangoni, Mangobo*

Mwanangu, kitanda usiuze. Utakilalia bado.

Tuanze na hiyo barua. Chuo kimekukubali bila wewe kukiomba: neema hiyo hata watoto wa mawaziri hawajaionja. Shida ni kwamba tangu tarehe 1 Desemba 2023, Kanada haiamini tena barua ya chuo kwa kuitazama. Wizara yao ya uhamiaji inakigeukia chuo chenyewe na kukiuliza: hii ni yenu? Chuo kikikana, dosye imekufa kabla haijasomwa. Wakiona umewadanganya, sheria yao inakufungia mlango miaka 5. Na anayefungiwa ni wewe, kwa sababu sahihi ni yako. Komisionere atabaki na dola zake pale karibu na Posta, akimngoja mwenzako.

Sasa hesabu. Ada ya kuomba kibali cha masomo ni dola 150 za Kanada, na ya alama za vidole na picha ni dola 85. Jumla 235, tena za Kanada, ambazo ni nyepesi kuliko za Marekani ulizomhesabia wewe. Fomu zipo kwenye intaneti, bure. Mtu akikusaidia kuzijaza, mlipe jasho lake, kama unavyomlipa mwandishi wa barua nje ya tribinali. Lakini anayekuuzia jibu anauza kitu ambacho hana na hatakuwa nacho.

Kabla hujafika mwisho wa safu hii, nenda ukachukue pasipoti yako. Usiende peke yako. Nenda na kaka yako mkubwa, yule anayebeba mifuko ya saruji bandarini, na umwambie asiseme chochote, asimame tu.

*

*Mama Dosye, salamu kutoka ng'ambo ya mto. Binti yangu amepata chuo Montreal. Nina lupango moja, yaani kiwanja, hapa Lubunga, yenye nyumba ya matofali na miembe miwili. Mnunuzi yupo. Nimeshauriwa niuze, pesa zote niziweke benki Ijumaa, na Jumatatu tutume dosye. Mama wa mtoto hasemi nami tangu Pasaka. Nifanyeje?*
*— Baba Mtu, Lubunga*

Baba, salamu nimezipokea. Zangu zimfikie Mama, ambaye kimya chake kina hoja kuliko washauri wako wote.

Kiasi kwanza. Miaka mingi Kanada ilimtaka mwanafunzi aonyeshe dola 10,000 za kuishi mwaka wa kwanza, mbali na ada ya chuo na tiketi. Tarehe 1 Januari 2024 ikapandisha hadi 20,635. Tangu tarehe 1 Septemba 2025 ni 22,895. Kebek, ambako ndiko Montreal, ina kiwango chake yenyewe, na kabla ya kibali cha Ottawa binti lazima apate hati ya kukubaliwa na Kebek, ile wanayoiita CAQ. Ni serikali mbili, maombi mawili na ada mbili. Juu yake weka karo ya chuo, ambayo mgeni huilipa kwa bei ambayo mwenyeji haijui.

Sasa ile pesa ya Ijumaa. Ofisa akishika karatasi ya benki hatazami mstari wa mwisho tu, anasoma miezi iliyopita. Akiona akaunti ilikuwa na dola 40 Januari, 35 Februari, 50 Machi, halafu ghafla elfu 30 zimechipuka kama uyoga baada ya mvua, anajisemea: hizi ni za kuazima, zitarudi kwa mwenyewe wiki ijayo. Kama kweli umeuza, onyesha mkataba wa mauzo, hati ya lupango na barua fupi ya kueleza. Pesa yenye asili haiogopi maswali.

Lakini nina neno zito zaidi. Binti yako atatakiwa kumridhisha ofisa kwamba masomo yakiisha ana pa kurudi. Na wewe unapauza hapohapo! Utampelekea mkataba wa mauzo kuthibitisha pesa, na mkataba huohuo utathibitisha kwamba Lubunga hamna tena hata mwembe.

Na mwaka wa pili? Hizo pesa za kuishi ni za miezi 12. Shahada ni miaka mitatu au minne, na lupango inauzwa mara moja tu. Nimewaona waliouza, mtoto akaenda, na kufikia Machi anapiga simu usiku akiomba karo, huku baba amepanga chumba kimoja kwa rafiki yake.

Ushauri wangu: uza ikiwa mmekaa na Mama mkakubaliana, na ikiwa jumla inafika mwisho wa shahada, isiishie kwenye theluji ya kwanza. Vinginevyo binti aanze hapa kwenye chuo kikuu chetu, UNIKIS. Chuo hicho kilizaliwa 1963 kama Chuo Kikuu Huru cha Kongo, kikamezwa na chuo cha taifa cha Zaire 1971, kikatapikwa salama 1981, na bado kinafundisha. Akimaliza vizuri hapo, atafute ufadhili wa masomo ya juu. Huko bursari ni nyingi kuliko kwa anayeanza. Na kutoka Lubunga, pirogi ya kwenda chuo haidai karatasi ya benki.

*

*Tantine, nimezaliwa mara tatu. Cheti cha ubatizo kinasema tarehe 14 Machi 2004, bulletini za shule zinasema 14 Mei 2004, pasipoti inasema 1 Januari 2005. Jina langu la ubatizo liko mwanzoni kwenye diploma, mwishoni kwenye pasipoti, na kwenye karatasi ya kuzaliwa halipo kabisa. Binamu yangu ana Tippex na mkono mwepesi. Anangoja neno lako tu.*
*— Pacha wa Peke Yangu, Kabondo*

Mdogo wangu, mwambie binamu aweke Tippex chini na kunyoosha mikono juu.

Ugonjwa wako unaitwa Kongo, na hauko peke yako. Leo sheria ya familia inawapa wazazi siku 90 kumwandikisha mtoto kwa ofisa wa hali ya raia. Wewe ulizaliwa mji ukiwa bado unahesabu mashimo ya mabomu ya vita vya siku sita vya Juni 2000. Sitashangaa kama foleni ya komini haikuwa jambo la kwanza kwa mzazi wako. Kisha mwalimu akaandika tarehe aliyoisikia, paroko akaandika yake, na karani wa pasipoti, alipochoka, akakupa Mwaka Mpya.

Majina nayo yana historia. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, tukachukua ya mababu. Baadaye ya ubatizo yakarudi, yakakaa nyuma ya mstari. Ndiyo maana tuna jina, posti-jina na prenomi, wakati fomu ya Mzungu ina visanduku viwili tu. Wa tatu anaachwa nje, au anaunganishwa na wa pili kama gari la mizigo na trela.

Dawa ni ya polepole. Kaeni kama familia, mkubaliane siku uliyozaliwa kweli. Muulizeni aliyekuwepo, yaani mama yako, maana mjomba alikuwa kwenye bia. Kwa aliyepitwa na muda wa kuandikishwa, njia ni tribinali: hukumu ya kuziba pengo la cheti cha kuzaliwa, kisha hati ya kuijulisha hukumu hiyo, kisha cheti kwamba hakuna aliyekata rufani. Karatasi zote tatu zitembee pamoja. Ukitenganisha moja, zile mbili zinakosa nguvu. Baada ya hapo komini itaandika cheti, na pasipoti itarekebishwa kwa kukifuata.

Yote hayo yafanyike kabla ya kutuma ombi. Ofisa hakatai watu kwa sababu walizaliwa kijijini bila karatasi. Anakataa pale karatasi tano zinapomletea watu watano. Pasipoti ikishakuwa sahihi, jaza kila fomu kama inavyosema, herufi kwa herufi, kisha weka nusu ukurasa wa maelezo: diploma imeandika hivi, sababu ni hii, hukumu hii hapa. Diploma ya Eta, ile ya Exetat, nayo huandikwa Kinshasa na inaweza kuchelewa sana, kwa hiyo anza kuifuatilia leo, usingoje siku ya viza.

*

*Tantine, nasomea misitu, mwaka wa mwisho. Rafiki yangu amenipa barua ya motisha iliyompatia viza ya Ubelgiji. Nimebadilisha jina tu. Inaanza hivi: "Tangu utotoni nimekuwa na shauku kubwa ya usimamizi wa bandari." Je, nibadilishe pia "bandari"?*
*— Msomi wa Kopi, Plateau Médical*

Ndiyo, badilisha bandari. Kisha badilisha utoto, badilisha shauku, na ukifika mwisho anza upya.

Barua hiyo naijua. Imezunguka mji huu kuliko baiskeli za toleka. Nimeiona ikiwa ya uuguzi, ikiwa ya kompyuta, ikiwa ya sheria ya bahari, na kosa la tahajia la mstari wa nne halijawahi kuguswa. Kijana mmoja aliirithi kwa dada yake, akasahau kusoma aya ya tatu, akajieleza mbele ya ofisa kuwa ni "msichana mwenye bidii na heshima". Ana ndevu hadi kifuani.

Kinachoniuma ni kwamba wewe ndiye mwenye mali kuliko wote. Unasomea misitu Kisangani! Karibu kilometa 100 kuteremka na mto iko Yangambi, ambako Wabelgiji walianzisha taasisi yao ya kilimo, INEAC, mwaka 1933. Leo ni INERA. Kuna nyumba ya mimea mikavu iliyokusanywa kwa vizazi. Tangu 2020 kuna mnara wa CongoFlux, mita 55, unaochomoza juu ya miti na kupima hewa ya ukaa inayoingia na kutoka msituni, kazi inayofanywa pamoja na Chuo Kikuu cha Ghent. Watu wa Ghent wanapanda ndege, wanapanda mtumbwi, wanaumwa na mbu, ili wasome kilichoko nyuma ya nyumba yenu. Na wewe unawaandikia habari za bandari.

Andika hivi: nimefanya utafiti wangu mahali fulani, juu ya mti fulani, nikakwama hapa, kwa sababu kifaa hiki au somo hili halipo kwetu. Kozi yenu inalo. Nikirudi nitafanya kazi hii. Ukurasa mmoja unatosha. Ubelgiji watakupa pia maswali ya kujibu kwa maandishi, na wanaweza kukuita mkae uso kwa uso: kwa nini kozi hii, kwa nini usiisome nyumbani, ukifeli mwaka wa kwanza utafanya nini? Mwenye barua ya kuazima hujikwaa swali la pili.

Mambo mawili ya haraka. Kwa anayetaka kuanza shahada ya kwanza upande wa Ubelgiji unaosema Kifaransa, maombi ya kulinganisha Diploma ya Eta na yao yana mwisho, tarehe 15 Julai. Wadogo zako walijue hilo. Na mdhamini anayesaini ile hati ya udhamini, Annexe 32, ataombwa karatasi za mshahara wake. Kama ni mjomba wa Liège ambaye humpigii isipokuwa unapoomba makuta, mpigie leo umuulize tu hali. Atashtuka, lakini atafurahi.

*

*Tantine, Kanada imenikataa. Barua inasema ofisa "hakuridhika kwamba nitaondoka Kanada mwishoni mwa muda wangu". Mchungaji anasema ni mkono wa shangazi yangu wa Ubundu. Familia imegawanyika. Shangazi analia kutwa.*
*— Moyo Mzito, Tshopo*

Kwanza nendeni mkamwombe shangazi radhi, na msiende mikono mitupu. Kitenge kizuri, cha kweli.

Maneno uliyoandikiwa ni ya kanuni namba 216 ya uhamiaji ya Kanada. Hayakutungwa Ubundu, na walioyapokea ni wengi mno. Mwezi Mei 2022 kamati ya uhamiaji ya Bunge la Kanada yenyewe ilitoa ripoti kuhusu waombaji wa Afrika inayosema Kifaransa, ambao wanakataliwa kwa wingi kuliko wengine. Kwa hiyo kama mna shangazi wa kulaumu, yuko Ottawa, na ni kamati.

Kituko ni kwamba sheria yao hiyohiyo, kifungu cha 22, inakiri kuwa mtu anaweza kutamani kuhamia huko siku moja na bado akawa mwanafunzi halali leo. Tarehe 26 Agosti 2024 walianzisha pia mradi wa majaribio kwa wanafunzi wanaosema Kifaransa wanaokwenda vyuo vya Kifaransa nje ya Kebek, Kongo yetu ikiwemo. Humo mwombaji hatakiwi kuthibitisha kwamba ataondoka, na kiwango cha pesa za kuishi ni cha chini. Nafasi zina ukomo na mradi una muda wake, kwa hiyo kiulize chuo chenyewe kama bado kimo, usimuulize komisionere.

Sasa kazi yako. Tafuta alichoandika ofisa juu yako. Mtu aliye Kanada anaweza kuyaomba maandishi hayo kwa idhini yako, kwa dola 5. Humo utaona kama tatizo ni pesa, ni kozi isiyofuatana na ulichosoma, au ni barua ya bandari. Rekebisha hilo. Kutuma tena dosye ileile ni kulipa dola 150 ili usomewe jibu lilelile.

Na usione haya. Mji huu unajua kukataliwa. Ulipokuwa bado Stanleyville, karani mmoja wa posta aliuomba utawala wa Kibelgiji umwandikishe kuwa "mstaarabu", kwa mujibu wa amri yao ya 1952. Walikuwa wakimpima mwombaji hadi nyumbani kwake, wanavyokula na wanavyoishi. Walimkatalia. Akalipeleka shauri mbele, akakubaliwa 1954. Jina lake Patrice Lumumba. Mwaka 1961 chuo kikuu kizima huko Moscow kikapewa jina hilo, na vijana wa Afrika wakawa wanapanga foleni kuomba nafasi ndani yake.

*

Majibu mafupi

*Alama za vidole hutolewa Kinshasa na ndege ni ghali. Nishuke na baleniere?* (Mchumi, Mangobo)

Kwa mto ni kilometa zaidi ya 1,700. Barua ya kukuita kutoa alama inakupa siku 30, na baleniere haijaisoma barua hiyo. Itasimama kila kijiji, itakwama mchangani, na fundi atakuwa akiishona injini kwa waya. Kama huna haraka, panda, utafika na mihogo na marafiki wapya. Kama siku zinahesabiwa, changeni nauli, uende Bangoka. Ahueni ni moja: alama hizo Kanada huzitunza miaka 10, hutazitoa tena kesho.

*Kampala ni ng'ambo au si ng'ambo?* (Nauliza Tu, Makiso)

Makerere inafundisha tangu 1922, kwa hiyo imeshazoea wageni. Kongo imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Bado utahitaji pasi ya mwanafunzi, na Kiingereza utakitafuna hata kikikukwaruza. Gharama ni nafuu na Kiswahili chako kitakusaidia njiani. Kwa barabara ya Niania, Mambasa na Komanda, uliza usalama kwanza. Ubaya wa Kampala ni mmoja: hakuna atakayekuandalia misa ya shukrani, na picha zako hazitakuwa na theluji.

*Tumeshatoa mahari, lakini kaka anasema niandike "sijaoa" kwenye fomu, eti maofisa wanawapenda makapera.* (Bwana Nusu, Kabondo)

Andika ukweli kama ulivyo kwenye karatasi. Uwongo ni ile miaka 5 niliyomwambia wa Mangobo. Na siku utakapotaka mke akufuate, ofisa atafungua fomu yako ya kwanza na kukuuliza huyu alizaliwa lini. Ofisa wa Ottawa unaweza kumkimbia. Wakwe wa Kabondo, waliokwisha kula mbuzi, huwezi.

*Tantine, mwanangu amepata! Anaondoka wiki ijayo kwenda Montreal. Nimfungashie nini?* (Mama Lituma, Makiso)

Hongera, Mama! Piga vigelegele mpaka mto usikie. Kisha jua kwamba alichonacho mkononi ni barua ya kumtambulisha tu. Kibali chenyewe huchapwa na ofisa wa mpaka akishatua Kanada, na huyo naye atauliza: chuo gani, pesa zipi, utalala wapi? Kwa hiyo barua ya chuo, hati ya Kebek na karatasi za benki zikae kwenye begi la mkononi. Kuna waliozifungia ndani ya sanduku kubwa, chini ya sombe kavu, wakasimama mbele ya ofisa mikono mitupu, sanduku likiwa linazunguka ukumbi mwingine. Koti zito atanunua hukohuko, maana la soko kuu litamkinga na baridi ya Bangoka tu. Makayabu mwekee, lakini ayaandike kwenye fomu ya forodha: samaki wa chumvi, kilo kadhaa. Ayataje mwenyewe, kabla mbwa wa uwanja wa ndege hajayataja.